Sauti Mlangoni kwa Bibi Subilaga

Mvua ilipokatika, Atupele Mwaisumo alisikia sauti yake mwenyewe ikicheka nje ya ua wa matete. Yeye alikuwa kimya barazani, mbele ya cherehani, amebana pini mdomoni.

"Karibu ndani," ilisema ile sauti. "Mimi ni Atupele, fundi cherehani wa hapa Tukuyu. Humu nimeingia mara nyingi kuliko ninavyoingia kanisani, Mungu anisamehe. Kama hujui uyoga upi ni chakula na upi ni jeneza, usiulize majirani, muulize Bibi Subilaga. Mimi nimepika alichosema, nimekula, na bado nawashonea nguo. Ingia."

Kilango kilisukumwa, akaingia jirani yake, Mama Gwamaka, simu mkononi na kikapu kitupu begani.

"Hodi, fundi. Unasikia unavyonihubiria?"

"Karibu. Gauni lako bado mikono tu."

"Gauni lisubiri. Leo nakutii wewe. Vichuguu vya kule mtoni vitakuwa vimeshapasuka uyoga kwa mvua hii. Nimeona nijikumbushe kwa Bibi kabla sijashuka."

Atupele alijisikia vizuri. Nani asiyependa kuaminiwa? Na kuaminiwa katika zama zile halikuwa jambo dogo. Ilikuwapo miaka ambayo watu waliita Gharika, mashine zilipojaza mtandao kurasa za uongo mpaka ukitafuta dawa ya kikohozi unaletewa madaktari mia ambao hawajawahi kuzaliwa. Watu walikufa kwa kufuata maandishi. Ndipo ikaja sheria ya mlango: tovuti haifunguki mpaka mtu aliye hai aitambulishe kwa sauti yake, aseme ameipendea nini na kwa nini mwenzake apoteze muda kuitembelea. Mlango mmoja, sauti moja. Kila msimu mtambulishi anarudi, anabisha hodi, mwenye tovuti anaitika karibu, na mlango unabaki wazi.

Wengi waliogopa kazi hiyo, kwa sababu ulimi hauna mfupa lakini sheria iliupa mmoja. Ukiiondoa sauti yako kwenye mlango mmoja, milango yako yote inafungwa papo hapo. Aliyekosea kuhusu nyumba moja, walisema, huenda amekosea kuhusu zote.

Atupele hakuogopa, maana alitambulisha vitu alivyovipenda tu. Kulikuwa na tovuti ya mzee mmoja wa Kyela aliyerekodi mvua juu ya mapaa mbalimbali, ya bati, ya nyasi, ya majani ya mgomba, kwa ajili ya watu wasiopata usingizi. Kulikuwa na ya wanawake wa Wete waliobishana kila siku kuhusu mchuzi mmoja na hawakuwahi kukubaliana. Hiyo aliisifu kwa kusema mtu mpweke akiingia humo atadhani yuko kwa shangazi zake. Kulikuwa na ya vipuri vya vyerehani vikuukuu. Kulikuwa na Uyoga wa Bibi Subilaga. Na kulikuwa na moja iitwayo Damu ya Jirani, ambayo hakuitambulisha kwa mapenzi peke yake. Tutafika huko.

"Hebu nione," alisema Atupele, akatoa pini mdomoni.

Mama Gwamaka akamgeuzia simu. Pichani kulikuwa na uyoga mweupe, mzuri, uliopangwa juu ya majani mabichi kama mayai. Chini yake maneno: *Msihangaike kuchimba, wanangu. Kateni juu kwa juu. Huu ni mtamu kuliko nyama.*

Atupele aliangalia, akaangalia tena. Bibi Subilaga hakuwahi kupiga picha ya uyoga uliokatwa. Aliuchimba mzima, akaulaza na mzizi wake mrefu kando ya kisu chake kile chenye mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli, na chini ya kila picha aliandika lilelile: usiniamini mpaka uone mzizi. Hapa mzizi haukuwapo. Kisu kilikuwapo, ila mpini ulikuwa mtupu. Na pembeni ya picha, kwenye uyoga mmoja ambao mkataji alikuwa hajaufikia sawasawa, shina lilikuwa limevaa kitu kama mfuko mdogo chini kabisa. Bibi aliuita mfuko ule soksi. Uyoga uliovaa soksi, alikuwa akisema, ni wa kuvalisha maiti.

Atupele alimrudishia simu.

"Usiende leo," alisema.

"Kwa nini?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Lakini kusema maneno hayo kwa sauti ilikuwa sawa na kusema mlango wake mmoja umeoza, na mlango mmoja ulikuwa ni milango yote, na mmoja katika hiyo yote ulikuwa wa mwanawe.

"Mvua bado changa," alisema. "Ngoja hadi kesho."

Mama Gwamaka alicheka. "Wewe shona. Uyoga niachie mimi na Bibi." Akatoka na kikapu chake, na nje ya ua ile sauti ikaanza tena, changamfu, ikisema karibu ndani.

*

Atupele alimpigia Bibi Subilaga. Simu haikupokelewa, ila ujumbe ulirudi upesi mno: *Nipo, mwanangu. Karibu wakati wowote.* Alisoma maneno yale na moyo haukutulia. Alimwambia binti yake, Tusekile, anakwenda kununua uzi, akachukua bodaboda hadi Isongole.

Nyumba ya Bibi ilikuwa mwisho wa njia, nyuma ya migomba. Nje hapakuwa na kuku, na Bibi alikuwa mtu wa kuku. Kijana wake, Ambakisye, alitoka mlangoni akifuta mikono, na alipomwona mgeni ni nani uso wake ulibadilika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bibi yupo?"

Ambakisye alitazama upande wa migomba, na Atupele akafuata macho yake. Palikuwa na kaburi. Halikuwa jipya, majani yalikuwa yameanza kuota kingoni.

"Lini?" aliuliza.

"Wakati wa kuvuna mahindi. Alilala tu." Kijana akainamisha kichwa. "Alitaka tuzike kimya. Tukazika kimya."

"Lakini mimi nimebisha hodi hapa baada ya mavuno. Nimebisha kwenye tovuti, akaniitika karibu. Ameniuliza mpaka hali ya Tusekile."

"Ndiyo, mama. Ingia uone."

Mezani, penye kivuli, kulikuwa na kisanduku cheusi kisichozidi redio ndogo. Waliouza vitu hivyo walikiita Mrithi. Ulikipa maandishi yote ya marehemu, picha zake, sauti yake aliyoacha kwenye simu, nacho kikajifunza kusema kama yeye. Wafiwa wengi walikuwa navyo, wakisalimiana navyo asubuhi. Sheria ilikataza Mrithi kufungua mlango au kuufunga. Kazi hizo zilitaka mtu anayepumua. Lakini kuandika na kuitika hodi ndani ya nyumba ambayo tayari iko wazi, hakuna aliyekumbuka kukataza.

"Sikutaka tovuti yake ife," alisema Ambakisye. "Watu walikuwa wanauliza, Bibi, mbona kimya? Nikakiwasha kiwajibu wale wawili watatu. Kikaendelea chenyewe."

"Na picha?"

"Kinatengeneza chenyewe."

Kisanduku kiliwaka taa ndogo ya kijani.

"Atupele, mwanangu," kilisema, kwa sauti ya Bibi Subilaga, na kile kikohozi chake kidogo cha mwanzo. "Mbona umesimama mlangoni kama mdai? Kaa."

Atupele alitaka kukimbia. Aliona aibu kukimbia redio, akabaki. Alikumbuka adabu yake yote ya miaka ile: kila msimu alibisha hodi, akaitikiwa karibu, akasema ahsante, akaondoka. Hakuwa akiingia ndani kukagua. Mgeni gani anafunua vyungu vya mwenyeji? Alidhani anamheshimu Bibi. Kumbe alikuwa akiamkiana na kaburi.

"Bibi," alisema. "Ule uyoga mweupe ulioweka juzi. Unavaa soksi."

"Hauna neno, mwanangu. Huo ni wa kizazi kipya."

"Ulisema mwenyewe ni wa kuvalisha maiti."

"Nilikuwa bado sijauonja." Kikohozi kidogo. "Nimeula jana na ugali. Mtamu sana."

Ambakisye aliurukia waya, akauchomoa. Taa ikazimika. Migomba nje ilikuwa inadondosha maji.

"Nilikuwa sijawahi kukisikia kikisema hivyo," alisema kijana. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nimekizima, mama. Hakitaandika tena."

"Kilichokwisha kuandikwa kiko pale pale. Kifute."

"Siwezi. Kufuta kunataka sauti yake akiwa hai. Au..." Akamtazama.

"Au mtambulishi aufunge mlango."

"Mama, nakuomba. Humo ndimo alimobaki. Picha zake zote, vile visa vyake vya porini. Ukifunga, mama yangu anakufa mara ya pili."

Atupele alimhurumia, kweli kabisa. Lakini hofu iliyomshika haikuwa ya Bibi. Bibi alishapumzika. Alikuwa akimwona Mama Gwamaka akishuka mtoni na kikapu, na nyuma yake akimwona Tusekile amelala kitandani akihesabu vigae vya dari kwa sababu miguu inamuuma.

*

Tusekile alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano na alizaliwa na selimundu. Damu yake ilipochoka, macho yalikuwa ya manjano na mifupa ikapiga kelele, kama alivyosema mwenyewe. Aliongezewa damu hospitalini, lakini kundi lake lilikuwa adimu na hospitali haikuwa nayo ya akiba. Ilipatikana kwa Damu ya Jirani. Pale mtu aliweka ombi, na mtu mwingine, asiyejulikana jina wala nyumba, alijibu nitakuja. Majina yalifichwa kwa makusudi, maana zamani wachangiaji walisumbuliwa mpaka majumbani. Siku ya siku mchangiaji alielekezwa saa na chumba, akatoa, akaenda zake.

Siku hiyo kwa Tusekile ilikuwa Alhamisi, na Atupele alikuwa akifikiri haya Jumanne mchana, amekaa ukingoni mwa kitanda cha binti yake, viatu vyenye matope amevivua mlangoni.

"Uzi uko wapi, mama?" aliuliza Tusekile.

"Haukuwapo."

"Umekwenda mbali sana kukosa uzi." Msichana alitabasamu kwa shida. Alikuwa ameshika simu juu ya kifua. "Mtu amejibu. Ona. Nitakuja Alhamisi, Mungu akipenda."

Atupele aliona. Maneno manne, hayana jina.

"Nilikuwa nasikiliza anachosikia yeye akiingia," alisema Tusekile, na kabla mama yake hajamzuia, aligusa kioo.

"Karibu," ilisema sauti ya Atupele, na safari hii haikuwa ikicheka. "Tovuti hii haina picha nzuri wala hadithi. Ina watu. Mimi mwanangu yuko hai kwa sababu ya mtu ambaye siwezi hata kumpikia chai. Kama una damu na una mchana mmoja, hakuna mahali pengine kwenye mtandao huu panapostahili kutembelewa kuliko hapa. Ingia."

"Huwa nalia hapo kwenye chai," alisema Tusekile.

Atupele alisimama, akaenda dirishani. Akili yake ilikuwa imeshampatia njia, na njia ilionekana nzuri. Alhamisi tu. Asiufunge mlango hadi Alhamisi. Kwa siku hizi mbili apite nyumba kwa nyumba, awaambie watu kwa mdomo wake, uyoga ule msile. Nani atakufa, kama wote ameshawaambia? Kisha Tusekile akishapata damu, aseme yote na wamfanye watakavyo.

Ni njia ambayo mama yeyote angeiona nzuri, na alikuwa bado anaipanga nyumba ya kwanza na ya pili aliposikia harufu. Ilitoka ng'ambo ya ua wa matete. Ilikuwa ya vitunguu na nyanya, na chini yake harufu ya udongo mtamu wa uyoga uliokwisha kuiva.

"Mama, unakwenda wapi tena?"

Alitoka bila viatu.

*

Jikoni kwa Mama Gwamaka moto ulikuwa umeshapunguzwa. Mabinti zake wawili walikuwa wamekaa kwenye mkeka na sahani mapajani, wamenawa, wanasubiri. Sufuria ilikuwa wazi. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kinu, na ndani yake sauti ya Atupele ilikuwa ikizunguka upya, maana Mama Gwamaka alipenda kupika akiisikiliza.

"Usiwape," alisema Atupele. "Mama Gwamaka, usiwape hao watoto."

Mama Gwamaka aliinua upawa, akamtazama miguu yenye matope, kifua kinachopanda na kushuka. "Umepatwa na nini?"

"Huo uyoga una sumu. Ile picha ni ya uongo. Bibi Subilaga amekufa tangu mavuno, kinachoandika ni mashine."

"Bibi amekufa?"

"Nimetoka kaburini kwake sasa hivi."

Mama Gwamaka aliweka upawa chini polepole. Alikuwa mwanamke wa kufikiri, na alifikiri. Wakati anafikiri, ile simu iliendelea: mimi nimepika alichosema, nimekula, na bado nawashonea nguo.

"Asubuhi ulisema mvua changa," alisema.

"Nilidanganya."

"Na sasa unasema kweli."

"Ndiyo."

"Sasa nikuamini wewe yupi, Mama Tuse? Huyu wa asubuhi, huyu wa sasa, au huyo?" Akaelekeza kidole kwenye simu. "Huyo ana dhamana. Huyo akisema uongo anapoteza milango yake yote. Wewe hapa unasema tu. Wakati wa Gharika mama yangu mdogo alikufa kwa mtu aliyekuja mlangoni anahema hivyo hivyo, akisema dawa ile mbaya, kunyweni hii. Kama uyoga huu ni sumu kweli, mbona sauti yako bado iko pale?"

Jibu lililokuwapo lilikuwa Alhamisi, na hakuweza kulisema mbele ya watoto wenye sahani.

"Mama, kinapoa," alisema binti mmoja.

"Hebu ngojeni." Lakini mkono wa Mama Gwamaka ulirudi kwenye upawa. Hakuwa na ubaya. Alikuwa amechoka, amepanda kilima na kikapu kizito, na mtu aliyemwamini miaka yote alikuwa akimwambia ale kutoka kwenye simu na asile kutoka mlangoni. Kati ya hao wawili alimchagua yule mwenye cha kupoteza.

Atupele aliogopa kama hajawahi kuogopa. Angeweza kuimwaga ile sufuria. Aliipima kwa macho, hatua ngapi, itamwagikia nani. Lakini hii ilikuwa sufuria moja. Ni majiko mangapi mengine mjini yalikuwa na vitunguu motoni mchana huo, na sauti yake imeegemezwa kwenye kinu, inawahimiza? Akawaona wote, na kwa mara ya kwanza akawatambua. Waliochuma uyoga kwa ajili ya sauti yake, na waliotoa damu kwa ajili ya sauti yake, hawakuwa watu mbalimbali. Walikuwa ni hawa hawa. Yule aliyeandika nitakuja, Mungu akipenda, huenda wakati huu alikuwa ananawa mikono.

Alivuka jiko, akaichukua ile simu. Aliishika kwa mikono yote miwili.

"Mimi Atupele Mwaisumo," alisema, karibu sana na kioo, kama sheria ilivyotaka. "Naondoa sauti yangu kwenye Uyoga wa Bibi Subilaga. Usiingie. Uliyechuma kwa picha ya uyoga mweupe, usile, na uliyekula, nenda hospitali sasa hivi, hata kama hujisikii vibaya. Mwenye tovuti amefariki. Mimi nilibisha hodi na sikuingia ndani kuangalia. Kosa ni langu."

Simu ikamuuliza kama ana hakika. Ikamkumbusha milango mingine, mmoja mmoja kwa jina.

"Nina hakika," alisema, na aliposema alifumba macho.

Ile sauti changamfu ilikatika katikati ya neno. Jikoni kukawa na kimya cha ajabu, kama mtu ametoka chumbani. Kisha milango ikaanza kufungwa. Mapaa ya mzee wa Kyela yakanyamaza. Wanawake wa Wete wakaondoka na mchuzi wao. Vipuri vikaenda. Kila mmoja ulipofungwa simu ilitoa mlio mfupi, na Mama Gwamaka, aliyekuja kusimama begani kwake, alikuwa akisoma kwa midomo.

"Zote hizi," alisema. Sasa uso wake ulikuwa umepauka. Aliinama, akainyakua sufuria kwa khanga, akatoka nayo nje mbio, na Atupele akasikia ikimwagwa shimoni na jivu likimwagwa juu yake. Mabinti walianza kulia kwa njaa na kwa kutoelewa.

Mama Gwamaka aliporudi, mlio wa mwisho ulikuwa ndio unalia.

"Hata Damu ya Jirani?" alisema. "Hiyo nayo ulikuwa umeitambulisha wewe? Mimi huwa natoa pale; niliandikishwa hospitalini, huniita kwa ujumbe tu, mlangoni sijawahi kupita."

"Unatoa?"

"Nilitoa mwezi uliopita. Kuna mtoto wa watu, sijui wa nani, kundi letu halipatikani ovyo." Akamtazama jirani yake usoni, kisha akatazama upande wa ua wa matete, upande wa dirisha ambalo taa yake haikuzimwa usiku. "Mama Tuse. Ni wa nani yule mtoto?"

Atupele alikaa chini pale pale kwenye mkeka, kati ya sahani tupu, na akalia kwa hofu, wala hakujificha.

"Anaongezewa lini?" aliuliza Mama Gwamaka.

"Alhamisi. Kuna aliyesema atakuja. Simjui. Sasa hataambiwa saa wala chumba. Atadhani amekataliwa."

"Mimi hawatanichukua tena mapema hivi."

"Najua."

"Na mlango ule hauwezi kutambulishwa na mwingine mpaka msimu upite."

"Najua, dada yangu."

Mama Gwamaka aliwapa watoto ugali mkavu na chumvi, akawaambia wasiguse kitu kingine chochote jikoni. Alijifunga khanga vizuri. "Aliyesema atakuja ni mtu, si upepo," alisema. "Ana nyumba. Inuka."

Walianzia nyumba ya jirani wa upande wa pili, mzee Mwakajila, kwa sababu ndiyo ilikuwa ya karibu. Mvua ilikuwa imeanza tena, nyembamba. Atupele alisimama mbele ya mlango wa mbao na akabisha kwa mkono wake.

"Hodi."

Ndani kiti kilisogezwa. "Nani?"

"Ni mimi, Atupele. Fundi."

Kisha sauti ya mzee, karibu zaidi sasa, nyuma tu ya mbao. "Simu yangu imeniambia hivi punde nisiisikilize sauti yako. Nani anakutambulisha?"

Atupele hakuwa na neno hata moja duniani ambalo mtu alipaswa kuliamini. Alimgeukia Mama Gwamaka, na Mama Gwamaka alikuwa akimtazama pia, kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kuvumilia. Mkono wake ulikuwa bado una masizi ya sufuria. Saa moja iliyopita sauti hii ilikuwa karibu iwaue watoto wake.

"Mimi," alisema Mama Gwamaka. "Mimi Mama Gwamaka namtambulisha. Nimeingia ndani, nimeona."

Nyuma ya mbao komeo lilianza kusogea, polepole, chuma juu ya chuma, na Atupele alisimama mvuani akilisikiliza, asijue bado kama linafunguliwa au linakazwa.